Skrepa ina mnunuzi, mavi ya chuma je?

Ukipita Gerezani, hatua chache kutoka Soko la Kariakoo, hakuna chuma kinachoitwa uchafu. Pipa kuukuu linakatwa kuwa jiko la mkaa. Bati linakunjwa kuwa sanduku la mwanafunzi. Kisichofaa kinapakiwa kwenye guta kwenda kupimwa kwa kilo. Mtaani inaitwa skrepa, na ni pesa taslimu.

Safari yake inaishia kwenye viwanda vya nondo vya Chang'ombe, au vya Mkuranga na Mlandizi mkoani Pwani. Huko inayeyushwa kwenye tanuri la umeme, inatoka nondo, na nondo inarudi mjini kujenga maghorofa.

Kwa hiyo tukiulizana nani anafanya urejelezaji Dar es Salaam, jibu lipo barabarani. Ni yule kijana anayesukuma mkokoteni.

Kwa nini tunaitegemea

Tanzania ina chuma ardhini. Liganga, wilayani Ludewa, inakadiriwa kuwa na tani milioni 126 za mawe ya chuma. Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) lilisaini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011, lakini mradi ukakwama miaka na miaka. Wakati Liganga inasubiriwa, skrepa ndiyo mgodi wetu.

Na ni mgodi wenye faida. Kwa hesabu za Chama cha Chuma cha Dunia (worldsteel), kila tani ya chakavu inayoyeyushwa inaokoa tani 1.4 za mawe ya chuma na kilo 740 za makaa ya mawe. Hewa ya ukaa inapungua kwa takriban tani 1.5.

Kilo 200 zinazobaki

Ila tanuri halitoi nondo peke yake. Chama hichohicho kinasema kila tani ya chuma inayotoka kwenye tanuri la umeme huacha wastani wa kilo 200 za mabaki. Kiwanda kikitoa tani 100 kwa siku, hiyo ni kama tani 20 za kupeleka mahali.

Mabaki hayo hayafanani. Mengi ni mavi ya chuma, yale mawe mazito yanayoelea juu ya chuma kilichoyeyuka. Yakipoa na kupimwa vizuri yanaweza kuvunjwa kuwa kokoto za barabara. Magamba yanayobanduka nondo inapopitishwa kwenye mashine yana chuma kingi, na viwanda vya saruji vinaweza kuyatumia.

La tatu ndilo la kuogopa: vumbi la tanuri. Ukiyeyusha mabati na vyuma vya rangi, zinki na risasi hupaa na moshi. Kwenye nchi zenye viwanda vikubwa vumbi hilo hunaswa kwa vichujio na zinki yake huchujwa upya. Lisiponaswa, linaingia kwenye mapafu ya wafanyakazi na ya majirani.

Tofauti na skrepa ni bei. Hakuna kijana atakayesukuma mkokoteni kutafuta vumbi, kwa sababu hakuna anayelinunua. Ni kama nyaya zinazochomwa mtaani ili ipatikane shaba: shaba inauzwa, moshi wa plastiki wanagawana majirani bure.

Tunamkaba nani?

Kwa kanuni za taka hatarishi za 2021, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, biashara ya chuma chakavu inahitaji kibali. Sawa kabisa. Lakini mjadala wetu karibu wote ni wa wizi: nyaya za umeme, vyuma vya reli, alama za barabarani. Wizi huo ni wa kweli na unaua. Tatizo ni kwamba ukimkimbiza msukuma mkokoteni tu, unakaba mlango mmoja.

Kenya walijaribu kufunga duka zima. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu. Kufikia Mei mwaka huohuo ilifunguliwa tena, kwa masharti mapya.

Funzo ni rahisi. Wakusanyaji ni wengi na wametapakaa. Matanuri yanahesabika, na kila moje lina mizani getini. Hapo ndipo pa kuuliza maswali mawili kwa pamoja: mzigo huu umetoka wapi, na mabaki ya jana yamekwenda wapi?

Swali la kwanza linamzuia mwizi. La pili linamlinda anayeishi nyuma ya ukuta wa kiwanda. Majibu yote mawili yaandikwe, na yule jirani aweze kuyasoma.