Kwa nini WhatsApp ikigoma kwa mmoja, wengine wanaendelea?

Siku hizi bei ya mahindi, taarifa ya msiba na tarehe ya kikao vyote vinapita WhatsApp. Mtandao ukiyumba kidogo tu, swali linafika studio: imezimwa?

Mara nyingi haijazimwa. Tiki moja maana yake ujumbe umefika kwenye seva, yaani kompyuta kubwa za kampuni. Tiki mbili, umefika kwenye simu ya mwenzako. Ikibaki moja, huenda simu yake imezima chaji au hana bando.

Seva hizo kuzimika ni nadra, na sababu moja kubwa ni lugha ya kompyuta iitwayo Erlang, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1986 katika kampuni ya simu ya Ericsson, Sweden. Mitambo ya simu huhudumia maelfu ya watu kwa wakati mmoja, na hairuhusiwi kuzimwa ili itengenezwe.

Fikiria daftari la kikoba. Watu wawili wakiandika humo kwa mpigo, hesabu inaharibika. Programu nyingi hufanya kazi hivyo, kazi kadhaa zikigombania daftari moja, kwa hiyo lazima ziwekeane zamu na kufuli. Erlang imeondoa daftari la pamoja. Kila kazi ina kumbukumbu yake, na kiasi kikishaandikwa hakifutwi. Kazi ikitaka jambo kwa nyingine inaituma barua, nayo inasubiri kwenye sanduku hadi isomwe.

Kwenye WhatsApp, kila simu iliyounganishwa hupewa kazi yake ndogo ndani ya seva. Ya kwako ikiharibika inaachwa ife, kisha msimamizi, ambaye naye ni programu, anaanzisha nyingine. Jirani yako hajui kama kuna kilichotokea. Mwanzoni mwa 2012 kampuni ilitangaza kwamba seva moja imeshikilia miunganisho zaidi ya milioni 2. Facebook ilipokubali kuinunua mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 19, WhatsApp ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 na wahandisi 32 tu. Hebu linganisha na idadi ya wafanyakazi wa halmashauri yako!

Lakini Erlang ina mpaka wake. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, kuanzia jioni kwa saa zetu, WhatsApp, Facebook na Instagram zilitoweka dunia nzima kwa takriban saa 6. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata njia zinazounganisha vituo vya kompyuta vya Facebook. Barua hazikuwa na pa kupita, hata kama masanduku yalikuwa mazima.

Kwa maoni yangu, hatari yetu iko hapo, kwenye njia zote kumilikiwa na kampuni moja. Kikundi kinachotegemea WhatsApp peke yake kiandike namba za wanachama kwenye karatasi. Usiku ule SMS na simu za kawaida ziliendelea kupita, kwa kuwa hazipiti kwenye seva za Facebook.