Haki Haina Jamaa: Mawaidha Juu ya Kumtaja Bingwa wa Ngumi wa Zama Zetu

Mbele ya nyumba moja ya kuchaji simu hapa Mambasa, kando ya njia kuu iendayo Komanda, pana benchi la mbao ambalo kila jioni, waendesha pikipiki wakipumzisha vyombo vyao na vumbi likianza kutua, hugeuka kuwa baraza. Na juzi barazani hapo niliwashuhudia vijana wawili, watoto wa tumbo moja, wakishindana juu ya swali hili: ni nani aliye bora kupita wote katika mabondia wa uzito wa juu wa siku hizi? Mkubwa alimtaja Oleksandr Usyk wa Ukraine. Mdogo akamtaja Martin Bakole, mzaliwa wa Kananga, akasema, "Yaya, unawezaje kumsifu mtu wa mbali ukamwacha wa damu yetu?" Mkubwa akamwuliza kwa upole, "Bakole amempiga nani katika wenye mikanda?" Swali hilo halikujibiwa kwa maneno. Lilijibiwa kwa kifua, meza ikasukumwa, na simu za watu pamoja na nyaya zao zikaanguka mavumbini.

Nilirejea nyumbani na moyo mzito. Ubishi wenyewe haukunihuzunisha, kwani ubishi wenye adabu ni chuo kisicho na ada, na wazee wetu walijifunza mengi kwa kupimana hoja barazani. Kilichonihuzunisha ni kuona taasubi imekaa mahali pa ushahidi, na kijana mwenye akili timamu akiona afadhali ampige ndugu yake kuliko kukiri jambo ambalo yeye mwenyewe alilijua.

Wala mtu asidhani kwamba hii ni habari ya watu wa mbali isiyotuhusu sisi wa msituni, maana nchi yetu ina fungu lake kubwa katika tarehe ya mchezo huu. Ilikuwa tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja wa 20 Mei mjini Kinshasa, Muhammad Ali, mwenye umri wa miaka 32, alipomkabili George Foreman, kijana wa miaka 25 ambaye hajapata kushindwa, na ambaye alikuwa amewaponda katika raundi mbili mbili Joe Frazier na Ken Norton, watu ambao kila mmoja wao alikwisha kumshinda Ali. Kinshasa ilikuwa saa kumi za usiku. Huku kwetu, tunaowatangulia kwa saa moja, ilikuwa saa kumi na moja na jogoo wanawika. Marehemu baba yangu alipenda kusimulia kwamba jirani yake mmoja, mzee mwenye kusifu nguvu, alikuwa amemwekea baba dau la jogoo wake kwamba Foreman atashinda. Ali akaegemea kamba, akajifunika uso kwa mikono, akamwacha kijana amalize nguvu zake, na katika raundi ya nane akamlaza chini. Redio ilipotoa habari, yule mzee hakungoja kudaiwa: alimfunga jogoo miguu, akaja naye mlangoni kwa baba, akasema, "Nilimpima kwa mikono, sikumpima kwa akili."

Basi tupime sisi nasi, na tuanze kwa kupatana juu ya mizani kabla ya kumweka mtu yeyote ndani yake. Mimi naona bingwa hupimwa kwa mambo matatu: la kwanza, wale aliowashinda walikuwa watu wa daraja gani, la pili, aliwashinda wapi, kwao au kwake, na la tatu, alifanya nini siku alipofikwa na dhiki.

Kwa mizani hiyo Tyson Fury hawezi kudharauliwa ila na mjinga. Novemba 2015 alikwenda Düsseldorf akamnyang'anya Wladimir Klitschko enzi aliyoikalia zaidi ya miaka tisa. Kisha akaangukia katika maradhi ya nafsi na ulevi, akarudi, na Desemba 2018, katika raundi ya kumi na mbili, Deontay Wilder alipomwangusha na watu wakadhani yamekwisha, aliinuka akamaliza pambano. Anthony Joshua naye, Aprili 2017, mbele ya watu 90,000 katika uwanja wa Wembley, aliangushwa na Klitschko huyo huyo katika raundi ya sita, na katika ya kumi na moja akammaliza. Na Wilder aliutetea mkanda wake mara kumi. Hawa ni majabari, na mwenye kuwatukana ili ampandishe kipenzi chake humpunguzia kipenzi huyo heshima, kwani kuna sifa gani kuwashinda watu duni?

Walakini, ukimweka Usyk katika mizani, kitanga huteremka upande wake. Yeye si jitu kwa wenzake: Fury anamzidi urefu kwa takriban sentimita 15, na walipopigana alimzidi uzito kwa zaidi ya kilo 15. Lakini tangu alipokuwa katika uzito wa chini kidogo, safari yake ya kutafuta mikanda ilikuwa ya mgeni aingiaye nyumba za watu: mwaka 2016 alimshinda Mpolandi huko Gdańsk, mwaka 2017 Mjerumani huko Berlin, mwaka 2018 Mlatvia huko Riga, Mrusi huko Moscow, akakusanya mikanda yote minne, na mwaka haujaisha akamlaza Mwingereza huko Manchester. Alipopanda uzito wa juu hakubadili desturi. Septemba 2021 alimshinda Joshua mjini London. Mwaka uliofuata, ilhali nchi yake imo vitani na yeye mwenyewe alikwisha kujiunga na walinzi wa mji, akamshinda tena huko Jeddah. Tarehe 18 Mei 2024 huko Riyadh alimyumbisha Fury katika raundi ya tisa mpaka mwamuzi akahesabu, akawa wa kwanza kuunganisha mikanda yote ya uzito wa juu tangu Lennox Lewis mwaka 1999. Majaji walipogawanyika siku hiyo, wawili kwake na mmoja kwa Fury, palibaki shaka. Akaiondoa shaka hiyo walipopigana tena Desemba, majaji wote watatu wakimpa 116 kwa 112. Na Julai 2025, akiwa na miaka 38, alirudi London akamwangusha tena Daniel Dubois, safari hii katika raundi ya tano. Mtu aliyewashinda Joshua, Fury na Dubois, kila mmoja mara mbili, ametuachia hoja gani ya kumpinga?

Huenda kijana akaniambia, "Bakole hakupewa nafasi." Hilo lina kweli ndani yake, na sitalificha. Bakole alimwangusha Tony Yoka, mwenye dhahabu ya Olimpiki, mbele ya watu wa Paris. Na Agosti 2024 alimvunja Jared Anderson, Mmarekani asiyewahi kushindwa, katika raundi tano huko Los Angeles. Lakini Februari 2025 aliitwa Riyadh zikiwa zimebaki siku mbili tu, akaingia ulingoni bila matayarisho, na Joseph Parker akammaliza katika raundi ya pili. Udhuru huo unatufahamisha kwa nini alishindwa. Haumgeuzi kuwa mshindi. Tumpende na tumwombee siku yake ifike, lakini tusimvike mkanda ambao hajauvaa, maana mapenzi yasemayo uongo humdhuru mpendwa kabla ya adui.

Na sasa nifikie lililonishikisha kalamu. Sisi watu wa Ituri tunajua kuliko wengi gharama ya neno hili, "huyu ni wetu." Tuliona, tangu mwaka 1999 hadi 2003, Wahema na Walendu, majirani waliochota maji mto mmoja, wakiacha kumwuliza mtu ametenda nini, wakamwuliza ni wa nani, na mwishoni mwa mwaka 2002 mji wetu huu ulionja uchungu wa watu wenye silaha ambao kwao sisi tulikuwa wa wengine tu. Mauaji hayaanzi kwa panga. Huanza pale mtu anapozoea kumtolea jamaa yake ushahidi asiostahili na kumnyima mgeni ule anaoustahili. Na aliyezoea kufanya hivyo katika jambo jepesi la ngumi, seuze katika kesi ya shamba la kakao au ya damu?

Enyi vijana, basi, lifanyeni benchi lile kuwa mahali pa kuzoeza nafsi zenu insafu. Kesho jioni likijaa tena, mwenye kumpenda Bakole na ampende, wala asione haya. Ila akiulizwa aliye bora leo, na ajibu kwa yaliyotendeka, amsikilize mwenzake mpaka amalize, na ikimdhihirikia kwamba amekosea, amwige yule mzee wa mwaka 1974: amfunge jogoo wake miguu, aende naye mlangoni kwa ndugu yake bila kungoja kudaiwa.