Waacheni wagombee katikati

DIRA
Safu ya kila wiki ya Rukia Mwinyikondo

Katika mji wa Rugby, jimbo la North Dakota nchini Marekani, kuna mnara wa mawe kando ya njia panda ya barabara kuu. Maandishi yake yanamwambia msafiri kwamba amefika kwenye kitovu cha bara la Amerika Kaskazini. Watu walioujenga mwaka 1932 walikuwa na hoja: wataalamu wa Idara ya Jiolojia ya Marekani walikuwa wamekwisha kulitafutia bara hilo katikati yake, wakaipata ndani ya wilaya ya Pierce, na Rugby ndiyo makao makuu ya wilaya hiyo. Ila mahali penyewe palikuwa porini, kilomita kama 10 magharibi ya Balta, kijiji kidogo kuliko Rugby. Rugby ilikuwa na reli, ilikuwa na barabara, ilikuwa na watu wenye ari. Mnara ukajengwa Rugby. Mwaka 1971 barabara ilipopanuliwa mnara ukahamishwa kupisha magari, na maandishi yakabaki yale yale.

Najua wapo watakaosoma hadi hapa wakasonya, wakauliza watu wazima wanapata wapi muda wa mambo haya. Leo nataka kuwatetea watu wa Rugby, pamoja na mahasimu wao.

Mahasimu walitoka Robinson, kijiji kilicho zaidi ya kilomita 100 kusini ya Rugby, ambako sensa ya mwaka 2010 ilihesabu watu 37. Kijiji hicho kina baa iitwayo Hanson's. Mwenye baa aligundua kwamba Rugby iliwahi kuyasajili maneno ya sifa yake kuwa alama ya biashara, kisha ikauacha usajili huo ufe. Mwaka 2016 yakasajiliwa upya kwa jina la baa. Duara kubwa likachorwa sakafuni, na wateja wakawa wanakunywa bia zao wakiwa wamekanyaga katikati ya bara. Rugby, mji wenye wakazi wasiofika 3,000, ukashtuka kukuta sifa iliyoutambulisha kwa zaidi ya miaka 80 iko mikononi mwa kijiji ambacho watu wake wote wanaenea ndani ya basi moja. Suala likaingia kwenye sheria, na hatimaye alama ile ikarudi Rugby.

Ugomvi ukiwa bado wa moto, Januari 2017, akatokea mtu wa tatu. Peter Rogerson, profesa wa jiografia katika chuo kikuu kilichopo Buffalo, jimbo la New York, alitangaza kwamba hesabu yake imeangukia penginepo kabisa, zaidi ya kilomita 150 kusini-magharibi ya Rugby, jirani na mji wenye wakazi wasiofika 600. Mji huo unaitwa Center, yaani Katikati. Ulipewa jina hilo miaka mingi kabla ya hesabu hiyo, kwa sababu tu uko katikati ya wilaya yake ya Oliver. Mtunzi wa riwaya angeandika hivyo, mhariri angemrudishia mswada.

Sasa, nani mkweli kati ya hao watatu? Jibu linategemea unavyopima. Njia ya zamani ilikuwa ya mikono: chora ramani ya bara kwenye karatasi ngumu, kata kufuata mipaka yake, kisha tafuta mahali ambapo karatasi hiyo itatulia juu ya ncha ya pini bila kuelemea upande wowote. Ni njia nzuri, lakini dunia ni mviringo na karatasi ni bapa. Huwezi kuutandaza mviringo bila kuuvuta hapa na kuubana pale, na nchi za kaskazini ya mbali ndizo zinazovutwa zaidi. Rogerson alitafuta njia ya kuuheshimu mviringo huo, akahesabu umbali kama unavyopita juu ya uso wa dunia wenyewe. Hata hivyo, yeye pia alilazimika kuamua mambo ambayo hesabu haiyaamui. Bara linaishia wapi? Greenland imo au haimo? Visiwa vya Karibiani je? Maji ya Ghuba ya Hudson yahesabiwe kama nchi kavu? Kila jibu linasogeza kitovu.

Oscar Adams, mwanahisabati wa Idara ya Upimaji wa Pwani ya Marekani, aliliona tatizo hili mapema katika karne iliyopita. Alisema hakuna njia moja ya uhakika ya kupata nukta ya namna hiyo, na kwamba lingekuwa jambo la busara kuachana nayo kabisa. Namheshimu Adams kwa nusu ya kwanza ya hoja yake. Kwa nusu ya pili tunaachana njia, maana kitu kinachotegemea uamuzi wa watu ndicho kinachofaa kujadiliwa na watu. Nukta isiyobishaniwa angeimiliki mpima ardhi peke yake ofisini mwake. Hii inayobishaniwa imewafanya wanywaji wa Robinson wazungumze habari za mipaka ya bara lao, jambo ambalo mitaala ya shule inahangaika kulipata kwa watoto wetu.

Yako pia masuala ya riziki. Vijiji vya nyika zile vinakimbiwa na vijana, na msafiri wa barabara kuu hana sababu ya kukanyaga breki. Mnara unampa sababu. Anashuka, anapiga picha, anaweka mafuta, anakula, anauliza habari za mahali. Lakini nadhani heshima inatangulia fedha. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo hapana mtu maarufu wala vita vilivyoandikwa vitabuni anataka naye aseme neno moja la kweli kuhusu kwao ambalo haliwezi kusemwa kuhusu kwingine.

Si kila mmoja anaifurahia heshima hiyo. Mwaka 1918 wapimaji waliitafuta katikati ya Marekani ya majimbo 48 kwa njia ileile ya karatasi, wakaipata karibu na Lebanon, mji mdogo wa jimbo la Kansas. Nukta iliangukia ndani ya shamba la mfugaji wa nguruwe, naye hakutaka watalii wakanyage shamba lake. Alama ikajengwa pembeni, chini ya kilomita moja kutoka hapo. Mwaka 1959 Alaska na Hawaii zikawa majimbo, na katikati ya nchi nzima ikaruka hadi jimbo la South Dakota, kilomita 30 na kitu kaskazini ya mji wa Belle Fourche, ambao nao ulikuja kujenga mnara wake mjini, palipo na barabara nzuri. Lebanon haikubomoa wake. Inaendelea kuwa katikati ya majimbo 48, na kwa hilo haina mpinzani.

Ufaransa nako kuna vijiji vya wilaya moja, Cher, ambavyo vimegombea kitovu cha nchi kwa vizazi. Bruère-Allichamps inaonyesha nguzo ya mawe ya Warumi iliyosimikwa njia panda mwaka 1799. Saulzais-le-Potier inajivunia hesabu za padri mmoja mwanaastronomia. Vesdun inashika matokeo ya Taasisi ya Taifa ya Jiografia, yanayoipa ushindi endapo kisiwa cha Corsica kitahesabiwa. Corsica ikiachwa, ushindi unakwenda Nassigny, kijiji cha wilaya ya jirani. Huu ni utani kamili, kama wa Wazaramo na Wanyamwezi: kila upande unajua la kumkera mwenzake, na kila upande ungepungukiwa na kitu siku mwenzake akikaa kimya.

Taasisi hiyo hiyo ya Ufaransa ndiyo huhesabu kitovu cha Umoja wa Ulaya, na hapa habari inafika karibu na kwetu. Kila nchi inapoingia au kutoka katika Umoja huo, nukta inahama. Mwaka 2004, nchi kumi zilipoingia kwa pamoja, ilitoka Ubelgiji ikaingia Ujerumani, katika kijiji cha Kleinmaischeid. Mwaka 2007 Romania na Bulgaria zikaivuta hadi Meerholz, karibu na mji wa Gelnhausen. Julai 2013 Croatia ikaipeleka Westerngrund, kijiji cha Bavaria. Kila kijiji kilichofikiwa kilisimika milingoti ya bendera na alama yake.

Kisha, tarehe 1 Januari 2014, nukta ikasogea tena kwa takriban nusu kilomita, ikiwa bado ndani ya Westerngrund. Safari hiyo hakuna nchi ya Ulaya iliyoingia wala kutoka. Kilichoingia ni Mayotte, kisiwa ambacho wenyewe wanakiita Maore, kilichopo katika Mlango wa Msumbiji kati ya Madagaska na pwani ya Afrika. Visiwa vingine vya Komoro vilijitangazia uhuru mwaka 1975, Maore ikabaki chini ya Ufaransa, ikawa mkoa kamili wa nchi hiyo mwaka 2011, na miaka mitatu baadaye ikahesabiwa kuwa sehemu ya Umoja wa Ulaya. Watu wake husema Kishimaore, lugha ndugu wa Kiswahili. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 374 tu, kidogo hata kuliko Pemba, lakini kwa kuwa kiko mbali sana kilikuwa na nguvu ya kukisogeza kitovu cha Ulaya ndani ya mashamba ya Wajerumani.

Komoro haijaacha kukidai kisiwa hicho. Kwa hiyo nukta ile iliyohama katika shamba la Bavaria ilibeba ndani yake mgogoro ambao mkulima wa Westerngrund pengine hakuwahi kuusikia. Natamani pale walipoweka alama ya kuhama huko pawe na jina la Maore, limeandikwa kama wenyewe wanavyolitamka, kwa sababu kisiwa hicho ndicho kilichofanya kazi ya kuisogeza. Uingereza ilipojitoa mwanzoni mwa 2020 nukta iliondoka Westerngrund ikaenda Gadheim, kijiji cha watu wapatao 80 karibu na Würzburg, ndani ya shamba la mazao. Gadheim ikaupata mlingoti wake. Kijiji hakikuomba Uingereza iondoke, lakini kilichoangukia mikononi mwake kilikipokea kwa furaha, na mimi nakipongeza.

Sisi Watanzania tunalo la kusema kuhusu katikati. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya serikali yahame Dar es Salaam yaende Dodoma, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kwamba Dodoma ni katikati ya nchi. Hiyo ilikuwa katikati ya kufikika, ya mtu wa Kagera na mtu wa Mtwara wote kusafiri bila mmoja kuonewa sana. Katikati ya pini na karatasi ni hesabu nyingine, na ningependa ifanywe na watoto wa shule, katika kila darasa lenye mwalimu wa jiografia aliye tayari kuvumilia kelele.

Vifaa ni vya bei ndogo. Karatasi ya manila, mkasi, msumari, uzi na jiwe dogo. Mtoto achore ramani ya Tanzania, aikate, aitoboe karibu na ukingo, aining'inize kwenye msumari ukutani, na kwenye msumari huohuo afunge uzi wenye jiwe kama timazi la fundi mwashi. Achore mstari pale uzi ulipopita. Atoboe mahali pengine, arudie. Mistari miwili itakapokatana ndipo katikati.

Ubishi wenyewe utaanza kwenye mkasi. Je, Unguja, Pemba na Mafia zitaunganishwaje na bara, na mtoto wa Chake Chake atakubali ziachwe? Ziwa Viktoria je, ambalo karibu nusu yake ni letu? Nchi yetu ina eneo la kilomita za mraba 947,300, na kati ya hizo 61,500 ni maji ya ndani. Ukiyakata maji, katikati inasogea. Na ukifika Ziwa Nyasa mkasi utasimama wenyewe, kwa sababu Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya ziwa, na Malawi inashikilia kuwa makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliuweka ufukweni, upande wetu. Mtoto aliyewahi kukwama hapo na mkasi mkononi hatausahau mgogoro huo, na atauelewa kuliko aliyeukariri kwa ajili ya mtihani.

Kwa hiyo kila darasa litapata nukta zake: moja ya nchi kavu peke yake, moja ya visiwa na maziwa, moja ya ziwa lililokatwa ufukweni. Walimu wa Manyoni, Itigi na Chamwino, nyinyi ndio wa kwanza ninaowaomba mjaribu. Matokeo mniletee kupitia dawati la mhariri, pamoja na maelezo ya mlichokihesabu na mlichokiacha. Nitayachapa yote hapa, hata yakipingana.