Klabu Iliyozaliwa Darasani

Kila mwaka, siku ya michezo, sisi wanafunzi wa zamani huja shuleni, tukavaa jezi zinazotubana matumbo, tukafungwa magoli na vijana wa kidato cha tatu, tukala wali, kisha tukaenda zetu. Mwaka jana kijana mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Mzee, samahani, hiki chama chenu kina kazi gani hasa?" Nilicheka, lakini swali lile lilinifuata mpaka nyumbani. Leo nataka kulijibu kwa njia ndefu, kwa habari za wanafunzi wa zamani wa shule moja iliyokuwa mbali sana na hapa, ambao chama chao kiligeuka kuwa timu ya mpira.

Mji wa Rosario uko Argentina, katika jimbo la Santa Fe, kando ya mto Paraná, kilomita 300 hivi kutoka Buenos Aires. Mwaka 1869 alifika huko kijana wa Kiingereza, mzaliwa wa Kent, jina lake Isaac Newell. Umri wake ulikuwa miaka 16. Alianza kwa kufanya kazi ya telegrafu katika reli, baadaye akawa mwalimu, na mwaka 1884 akafungua shule yake mwenyewe. Tarehe 3 Novemba 1903 vijana waliosoma kwake, wakishirikiana na walimu na mwanawe Claudio, waliunda klabu wakaiita Newell's Old Boys, yaani wanafunzi wa zamani wa Newell. Mzee alikuwa hai bado. Alifariki mwaka 1907. Rangi nyekundu na nyeusi walizitoa kwenye nembo ya shule. Jina halijabadilika mpaka leo, ingawa wengi wanaolipigia kelele uwanjani hawasemi Kiingereza hata kidogo.

Watani wao wa jadi ni Rosario Central, timu iliyoanzishwa na watu wa reli mwaka 1889. Inasimuliwa kwamba zamani timu hizi mbili ziliombwa zicheze ili kuchangia wagonjwa wa ukoma. Newell's wakakubali, Central wakakataa. Tangu hapo hawa wakaitwa Wakoma na wale wakaitwa Mabaradhuli. Yote mawili yalikuwa matusi, na sasa kila upande unalivaa la kwake kama nishani!

Hadi mwaka 1939 ligi kubwa ya Argentina ilikuwa mali ya Buenos Aires na majirani zake. Mwaka huo ndipo timu hizo mbili za Rosario zilipofunguliwa mlango. Newell's ilingoja miaka 35 kupata ubingwa wa kwanza, na ulipokuja, Juni 1974, ulikuja kwa sare ya 2-2 katika uwanja wa watani wenyewe. Goli la kusawazisha lilipigwa na Mario Zanabria. Mwenye mtani wa jadi na aseme kama iko furaha iliyo tamu kuliko hiyo.

Lakini mimi siupendi ubingwa ule kama ninavyoupenda wa mwaka 1988. Timu hiyo ilikuwa na jambo ambalo aghalabu halionekani katika mpira wa malipo: wachezaji wote walikuwa vijana waliolelewa na klabu yenyewe, na mwalimu wao, José Yudica, aliwahi kuichezea klabu hiyo hiyo. Hakuna aliyenunuliwa. Mwaka huo huo wakafika fainali ya Copa Libertadores, kombe kubwa la vilabu vya Amerika ya Kusini. Waliwafunga Nacional 1-0 nyumbani, kisha wakafungwa 3-0 Montevideo. Walishindwa, ndiyo, lakini walishindwa wakiwa wao wenyewe.

Mambo hayo hayakutokea kwa bahati. Mkuu wa vijana alikuwa Jorge Griffa, na chini yake alikuwako mtu wa Rosario aitwaye Marcelo Bielsa. Wawili hawa walizunguka nchi kwa gari dogo la Fiat, kijiji kwa kijiji, wakitafuta watoto wenye kipaji. Usiku mmoja walibisha hodi katika nyumba moja ya mji mdogo wa Murphy. Mtoto alikuwa amelala. Wazazi wakawaruhusu kuingia chumbani, nao wakafunua blanketi wakaitazama miguu yake, wakaridhika. Mtoto huyo alikuwa Mauricio Pochettino. Bielsa alipokabidhiwa timu kubwa mwaka 1990, vijana aliowaokota hivyo ndio waliompa ubingwa wa 1991, kwa penalti, katika uwanja wa Boca Juniors. Mwaka 1992 akachukua ubingwa tena, akafika fainali ya Libertadores, akaikosa kwa penalti mbele ya São Paulo.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Ukimtajia mwanafunzi wa leo jina la klabu hii atakwambia, "Ah, ile ya Messi." Mimi siafiki. Lionel Messi alicheza huko tangu utotoni, akaondoka kwenda Barcelona akiwa na miaka 13, na timu kubwa ya Newell's hakuichezea hata mechi moja. Ni kweli kwamba Argentina ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2022, nahodha na mwalimu wake, Lionel Scaloni, wote wawili walikuwa wamepita katika klabu hii. Hiyo ni sifa kubwa. Lakini shule yoyote inaweza kutundika ukutani picha za waliokwenda mbali. Mimi huuliza ni nani aliyerudi.

Tangu 1994 hadi 2008 klabu ilikuwa mikononi mwa uongozi mmoja, na wanachama wakakaa miaka mingi bila kupiga kura. Walipata ubingwa wa 2004 katikati ya mambo hayo, lakini mwaka 2012 ulipoanza walikuwa na hofu ya kushuka daraja. Hapo ndipo waliporudi watoto wa nyumbani. Gerardo Martino, kiungo wa timu ile ya 1988, akashika kazi ya ualimu. Gabriel Heinze akatoka Roma. Maxi Rodríguez akatoka Liverpool. Ignacio Scocco akarudi pia. Hawa walikuwa watu wazima waliokwisha kupata sifa na mali Ulaya. Mwaka 2013 klabu ikawa bingwa, ikafika na nusu fainali ya Libertadores. Nadhani hapo ndipo jina la Old Boys lilipokuwa kweli kuliko siku zote tangu 1903.

Bielsa naye, ambaye uwanja ulipewa jina lake mwaka 2009, alitoa fedha zake mwenyewe ili ijengwe nyumba ya wachezaji mahali pao pa mazoezi, Bella Vista.

Basi kijana wangu, swali lako nimelipata. Sisi hatuna fedha za Bielsa, wala miguu ya Maxi Rodríguez (jezi zimekwisha kukuonyesha hayo). Siku ya michezo ijayo nitakuja na mipira minne mipya, na wenzangu wawili wamekubali kubaki juma zima la likizo kuwafundisha vijana, mmoja mpira na mwingine hesabu. Wanafunzi wa zamani wengine walio tayari na wamwandikie katibu kabla ya mwisho wa muhula huu, na waseme wazi watakaa siku ngapi.