MABINTI ZETU NA KATUNI ZA MAPIGANO: TUFUKUZE AU TUELEKEZE?

Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha wazazi na walimu wa madrasa hapa Sumbawanga ni hadithi za katuni za Kijapani, ziitwazo manga, zinazosimulia wasichana wa umri wa sekondari wanaoshindana katika sanaa za mapigano. Zamani vijana walizifuata picha za kung fu kwenye vibanda vya video. Leo hadithi hizi zimo ndani ya simu, na binti wa Katandala au Majengo huzisoma chumbani kwake bila mzazi kujua. Wapo ndugu zetu waliotoa rai kwamba zipigwe marufuku zote, na kwamba binti atakayekutwa nazo aondolewe madrasa. Pamoja na kuiheshimu ghera yao, hatuafikiani nao.

Wanachuoni wa usuli wametufunza kwamba hukumu ya jambo hutanguliwa na kulifahamu. Basi tulifahamu. Katika manga hizi zimo zilizojaa damu na miili isiyositiriwa. Hizo hazina mjadala. Lakini zimo za aina nyingine. Mfano ni Yawara! ya mchoraji Naoki Urasawa, iliyochapishwa kwa mfululizo kati ya 1986 na 1993. Msichana Yawara ana kipaji cha judo, ila yeye anataka maisha ya kawaida. Babu yake ndiye anayemsukuma kwenye mashindano, tena anamtafutia hasimu: Sayaka, binti wa tajiri, asiyekubali kushindwa kwa lolote. Msomaji mwenye busara ataona kwamba swali lililomo humo ni letu pia: je, mtoto anashindana kwa ajili yake, au kwa ajili ya fahari ya wakubwa wake?

Wala athari ya hadithi hiyo haikuishia kwenye karatasi. Wajapani walimwita mwanajudo wao Ryoko Tamura kwa jina la Yawara. Alipata medali ya fedha katika Olimpiki za 1992 na 1996, kisha dhahabu mwaka 2000 na 2004. Aliyeshindwa fainali mbili hakugeuka adui wa waliomshinda. Alirudi mkekani akajifunza.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Uislamu haukuja kuua ushindani, bali kuutia adabu. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mama Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) akamshinda, na baadaye Mtume akamshinda yeye, akamkumbusha kwa mzaha kwamba sasa wamelipana. Na imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwenye nguvu si yule anayewabwaga watu, bali anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Binti aliyeyafahamu haya mawili amepata mizani ya kuipimia kila katuni.

Sisi wa Ufipa tunayo pia masimulizi yetu. Wazee husimulia kwamba wanawake watatu wageni walifika Milansi wakati mtawala hayupo, wakakikalia kiti chake. Aliporejea, hapakumwagika damu: waligawana, wageni wakatawala nchi, naye akabaki na Milansi yake. Kizazi cha wanawake hao, Watwa, ndicho kilichokuja kugawanyika katika falme za Nkansi na Lyangalile, zikapigana katika karne ya 19. Wahasimu wageni walipatana. Ndugu wa damu wakapigana. Basi hatari haimo katika kuwa na mshindani, imo katika nafsi isiyolelewa.

Atauliza muulizaji: na sitara je? Ni swali la haki. Mwaka 2012, huko London, binti wa Saudia wa miaka 16, Wojdan Shaherkani, alicheza judo akiwa amefunika kichwa, baada ya viongozi wa mchezo huo kukubali vazi maalumu. Alishindwa kwa sekunde 82, lakini vazi lilikubaliwa. Hatusemi kwamba kila binti wetu aende Olimpiki mbele ya wanaume. Tunasema kwamba anayetaka sitara huitafutia njia. Wala judo si ngeni kwa Waislamu wa nchi hii. Zanzibar ilianza kufundishwa mwaka 1992 na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa kamati za madrasa mambo matatu. Kwanza, mama au dada mkubwa asome pamoja na binti kile anachokisoma, amwoneshe kwa hoja kilicho kiovu. Pili, itengwe saa moja kwa wiki, ndani ya ua, wanaume wasiwepo, mabinti wafanye mazoezi ya mwili na ya kujihami chini ya mwalimu wa kike. Wengi wao hurudi shuleni na mashambani giza likiingia, na kujilinda ni haki yao. Tatu, adhabu ya kufukuza iondolewe.

Kwani tukimfukuza tutakuwa tumefanya nini? Tutakuwa tumemnyang'anya msahafu na kumwachia simu. Ataendelea kusoma katuni zile zile, ila hatakuwa na wa kumuuliza. Ndugu wazazi, mtoto anayetuogopa hutuficha, na anayefichwa mambo hawezi kulea.

Wabillahi tawfiq.