Mnaosifia Chakula cha Usiku Mnasifia Taa

Kuna imani imejengeka miongoni mwetu tunaoandika kuhusu vyakula: kwamba hoteli kubwa hupimwa usiku. Mchana, eti, ni wa kuwashibisha watumishi waliotoka ofisini. Usiku ndipo mpishi anapoonyesha alichonacho. Tangu serikali ihamie Dodoma na hoteli zianze kuota kama uyoga, uhakiki wa namna hii nimeusoma mpaka nimechoka. Mhakiki anafika saa mbili usiku, anaeleza mshumaa, anaeleza muziki, anaeleza umbo la glasi, na kwenye aya ya tano ndipo anakumbuka kwamba kulikuwa na samaki. Mimi nasema kinyume chake. Ukitaka kulijua jiko la hoteli ya kifahari, nenda saa saba mchana. Usiku unauziwa giza.

Saa saba ya Dodoma haina huruma. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, mvua zetu ni za msimu mmoja, na jua linaingia dirishani kama mkaguzi wa hesabu. Linaonyesha mafuta yaliyoganda pembeni mwa sahani, mchicha uliopashwa mara mbili, doa kwenye kitambaa cha meza. Mlaji naye yuko macho. Hajanywa, ana saa moja tu, na anarudi kazini. Mlaji huyohuyo ukimkuta saa tatu usiku, keshachoka, keshapata glasi mbili, na yuko na watu anaotaka wamwone. Mwekee chochote chenye sosi, kitapita.

Na huu utukufu wa usiku umetoka wapi? Kwa Wagogo mlo mzito ni wa jioni, lakini una sababu: watu walishinda shambani au malishoni, wakirudi ndipo ugali wa uwele na mlenda unasongwa na familia inakaa pamoja. Pwani ni tofauti. Unguja mchana ndio mfalme. Wali na samaki huliwa baada ya adhuhuri, na usiku watu hujipatia kitu chepesi. Huko nako kuna sababu: samaki wa asubuhi haoni haja ya kusubiri usiku. Sasa niambieni, chakula cha usiku cha hoteli zetu kina sababu gani? Hakuna shamba, hakuna bahari. Kuna mazoea ya matajiri wa Ulaya. Na hata wao hawakuzaliwa nayo. Miaka ya 1700 matajiri wa London walikula mlo wao mkuu alasiri; ukasogea taratibu mpaka, kufikia katikati ya miaka ya 1800, ukatua saa moja na saa mbili usiku. Kula kwa kuchelewa kulionyesha kwamba una mishumaa ya kuchoma na huna kazi ya kuamkia.

Ajabu ni kwamba tumeiga nusu ya mazoea hayo, tena nusu mbaya. Paris na London, migahawa mingi yenye nyota za Michelin huuza menyu ya mchana kwa bei ya chini kuliko ya usiku: sahani mbili au tatu, jiko lilelile, mpishi yuleyule. Hesabu yake ni rahisi. Pango la jengo limeshalipwa, wapishi wamekuwepo tangu asubuhi, na viti vitupu haviingizi kitu. Kwa hiyo mwalimu au mwanafunzi anayejibana anaweza kuingia mara moja kwa mwaka na kuonja kazi halisi ya jiko hilo.

Kwetu mchana ni bufee. Makopo ya chuma yanayofuka mvuke, wali, pilau, viazi, kuku aliyekaa kwenye moto mdogo tangu saa tano, na foleni ya watu wa semina wenye vitambulisho shingoni. Mpishi mkuu humwoni. Anajitunza kwa ajili ya usiku. Nyumba moja, majiko mawili. Halafu mhakiki anakula usiku, anaandika kwamba hoteli ni nzuri, na msomaji aliyeenda mchana kwa fedha yake anajiuliza kama walikwenda mahali pamoja.

Nawasikia wanaopinga. Watasema usiku kuna nafasi ya kuongea, na chakula kizuri kinataka muda. Mchana mtu anameza huku anaangalia simu. Hilo kweli. Sahani saba haziliwi ndani ya saa moja, na mimi sina ugomvi na mtu anayemtoa mkewe usiku wa kumbukumbu ya ndoa yao. Ila tusichanganye mambo. Maongezi matamu ni kazi ya aliyekaa nawe, si ya mpishi. Kama chakula kinahitaji giza, muziki na saa tatu ili kisifiwe, basi tunahakiki sherehe.

Sisi wasomaji tuna mfano mzuri zaidi kuliko wa wapishi. Mwaka 1929 Virginia Woolf alichapisha *A Room of One's Own*, kitabu kilichotokana na mihadhara aliyoitoa Cambridge mwaka mmoja kabla. Ndani yake analinganisha milo miwili: mchana kwenye chuo cha wanaume, ambako kuna samaki, kwale na mvinyo, usiku kwenye chuo cha wanawake, ambako kuna supu nyepesi, nyama na viazi, kisha matunda makavu na kastadi, na maji ya kunywa. Angeweza kuishia kwenye ladha. Hakuishia. Aliuliza fedha ya mlo wa kwanza ilitoka wapi, na kwa nini wa pili haukupata. Karibu miaka 100 baadaye, wahakiki wetu bado hawajafika kwenye swali hilo.

Tuliulize basi hapa Dodoma. Kuanzia Aprili hadi Juni, Bunge la bajeti linapokaa, mji hujaa na meza za usiku hujaa. Kwa kazi yangu nimealikwa kwenye meza hizo zaidi ya mara moja, na kwenye meza nilizokalia sijawahi kumwona mlaji akitoa pochi. Bili inakwenda kwa taasisi, kwa mradi, kwa mdau fulani. Asiyelipa haulizi bei, na jiko lisiloulizwa bei halijifunzi. Mchana wa mtu anayelipa mwenyewe ndio pekee unaoweza kulifundisha.

Wapo na wengine wasiotajwa. Mhudumu wa mchana anarudi nyumbani kwa daladala. Wa usiku anatoka saa sita, daladala zimelala, na bodaboda inamla sehemu ya ujira wa siku hiyo. Yupo pia mkulima wa zabibu wa Hombolo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo unatengenezwa papa hapa. Lakini menyu ya usiku ya hoteli moja niliyoisoma ilijaa mvinyo wa Afrika Kusini, na wa kwetu uliwekwa mwisho kabisa, bila jina la aliyeutengeneza. Mlenda haukuwepo popote. Mlenda, jamani, Dodoma!

Ninachotaka si kikubwa. Hoteli inayojiita ya kifahari itoe mlo wa mchana wa sahani tatu, bei imeandikwa mlangoni, umepikwa na mpishi yuleyule wa usiku. Uwepo ugali wa uwele uliosongwa muda huohuo, mlenda uliopikwa na mtu anayeuheshimu, kuku wa kienyeji, na zabibu msimu wake ukifika. Jiko likiweza hayo saa saba, juani, kwa mtu mwenye haraka na fedha yake mwenyewe, nitaliamini hata usiku.

Nanyi mnaoandika uhakiki, ongezeni mistari miwili tu juu kabisa, kabla hamjagusa mshumaa: ulikula saa ngapi, na nani alilipa. Bila hayo, msomaji hana sababu ya kuwaamini kuhusu samaki.