Mbwa wa sufu na wazee ambao hawakuulizwa

Hivi ndugu msomaji, ukisikia neno mbwa unafikiria nini? Nilikokulia mimi, mbwa ni mlinzi wa geti. Anakula makombo, analala nje, na siku akifa anatupwa jalalani, habari yake imekwisha. Kwa wenzetu wengi wa pwani, akikulamba tu una kazi ya kujitwaharisha mara saba. Sasa mtu akikwambia kuna watu walimchimbia mbwa kaburi lake peke yake, si utacheka?

Mimi nilicheka. Halafu nikasoma habari za Koster.

Koster ni shamba huko Illinois, Marekani. Wanaakiolojia walianza kulichimba mwaka 1969, wakashuka tabaka baada ya tabaka, na huko chini sana wakakuta mbwa. Si mifupa iliyotawanyika kama ya kitoweo, la! Kila mbwa kalazwa ubavu kwenye kishimo chake, kama amesinzia. Hakuna alama ya kisu kwenye mifupa. Mwaka 2018 timu ya Angela Perri ilitoa matokeo ya vipimo vya mifupa yenyewe: ina umri wa karibu miaka 10,000. Wakati huo sehemu hiyo haikuwa na mkulima wala mfugaji wa ng'ombe. Waliozika ni wawindaji na wakusanyaji, watu waliokula walichokiwinda, walichokivua na walichokiokota porini.

Hapa ndipo ninapoanza kugombana na wenzangu wa kalamu. Sisi waandishi watu wa namna hii tuna lugha yetu kwao. Wakiwa wa kale tunawaita "watu wa zama za mawe". Wakiwa hai, kama ndugu zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, tunawaita vilevile! Utadhani jana yao na leo yao ni kitu kimoja, hawana historia, hawakuwahi kumpenda mtu wala mnyama. Haya, huyu aliyeacha mawindo yake akainama kumfukia mbwa bila kumla, tumwiteje?

Tuendelee. Hao mbwa wa Wahindi Wekundu (jina hilo nalo silipendi, wacha niseme wenyeji wa Amerika) wako wapi leo? Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka huohuo wa 2018 katika jarida la Science ulijibu kwa jambo lililoninyima usingizi. Walikuja na watu kutoka upande wa Siberia, wakaishi na wenyeji kwa maelfu ya miaka, na baada ya Wazungu kufika wakatoweka karibu wote. Mbwa unaowaona Marekani leo wengi asili yao ni Ulaya. Jamaa wa karibu kabisa wa mbwa wale wa kale aliyebaki hai ni saratani. Ndiyo, umesoma vizuri, saratani! Kuna uvimbe ambao mbwa huambukizana wanapojamiiana, na seli zake zilianzia kwa mbwa mmoja wa ukoo huo maelfu ya miaka iliyopita. Mbwa mwenyewe kafa zamani, ugonjwa wake unatembea dunia nzima.

Lakini kisa kilichonifanya nikae kuandika leo ni cha Mutton. Huyu alikuwa mbwa mweupe wa sufu wa pwani ya Wasalish, kule jimbo la Washington na British Columbia, Kanada. Wasalish hawakuwa wakulima, waliishi kwa samaki, mawindo na matunda ya mwituni, na bado walikuwa na aina yao ya mbwa waliyemnyoa manyoya na kufuma mablanketi. Waliofanya kazi hiyo ni akina mama. Mbwa hao waliwatenga, wengine visiwani, ili wasichanganyike na mbwa wa kawaida. Nahodha George Vancouver alipopita mwaka 1792 aliwakuta wamenyolewa kama kondoo. Mutton alikufa mwaka 1859, ngozi yake ikapelekwa taasisi ya Smithsonian, ikakaa kwenye droo.

Vitabu vilieleza kirahisi kwa nini mbwa hawa waliisha: mablanketi ya kiwandani yalikuja, ya bei rahisi, mbwa hawakuwa na kazi tena. Biashara tu. Hata mimi ningeandika hivyo na kwenda kunywa chai.

Mwaka 2023 Audrey Lin na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya ngozi ile. Asilimia 85 hivi ya asili ya Mutton ilikuwa ya mbwa wa kabla ya wakoloni, ingawa mbwa wa Wazungu walishajaa pwani ile. Maana yake akina mama walikuwa bado wanamlinda mbwa wao. Na safari hii watafiti waliwaendea wazee na wafumaji wa Kisalish, wakawauliza. Wazee wakakataa hadithi ya blanketi la bei rahisi. Walitaja magonjwa yaliyofagia vijiji, na serikali na wamisionari waliopiga vita mila. Kanada ilipiga marufuku kwa sheria sherehe za kugawiana mali, ambako mablanketi yale yalitolewa, kuanzia 1885 hadi 1951. Mbwa anayehesabiwa kuwa mmoja wa familia humwachi kwa sababu ya blanketi la dukani.

Miaka 160 na ushee ngozi iko kwenye droo, na wajukuu wa waliomnyoa wako palepale pwani!

Nasema kwa ukali lakini mimi mwenyewe nina deni. Nikiwa bado mwanafunzi wa uandishi nilitumwa kuandika habari ya mchimbo mmoja wa mambo ya kale hapa nchini. Nikamhoji profesa hadi betri ya kinasa sauti ikaisha. Juzi nimelitafuta daftari lile. Profesa ana kurasa 14. Kuhusu wazee wa kijiji waliokuwa wakichimba na kuchekecha udongo, ambao babu zao walizikwa ng'ambo ya kilima kile, nimeandika mstari mmoja: "vibarua 6, wenyeji". Hata majina sikuchukua.